Fumba Macho, Ni Asubuhi

Mshauri wa kazi pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, haanzi na cheti chako. Huinyoosha fomu kwa kiganja kama kitambaa, kisha husema kwa sauti ya kubembeleza: “Fumba macho, mwanangu. Ni asubuhi, kazi umeshapata. Unasikia nini?” Yasmin, aliyekimbia vita Mucojo, alikuja kuomba kozi ya kuchomelea vyuma, kama wenzake wote wanaotamani kazi kwenye mradi wa gesi. Alipofumba macho akasikia moto wa tanuri, na watu mlangoni wakigombea mikate. Mshauri akaandika: mwokaji.

“Na wewe, baba, unasikia nini?” Yasmin akauliza.

Mshauri akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kusukuma nguo isiyokuwepo, miguu ikikanyaga taratibu chini ya meza. “Cherehani,” akanong'ona. Alipozinduka, alivuta fomu nyingine, akaandika jina lake mwenyewe.