Kidole Kidogo cha Zimwi

Juzi nilimtembelea ndugu yangu mdogo kule Kinoru, na wajukuu wake hawakunipa nafasi hata ya kumaliza chai. "Shosho, tupee stori ya zimwi!" Kama nawe ulilelewa na nyanya, unajua hadithi hizo hazikuwa za mchezo. Nikaanza, na moyo ukanirudisha nyumbani.

Mwaka ule mama alilazwa hospitali Meru mjini, sisi wawili tukaachwa kwa nyanya. Jioni nilimsaidia kupukuchua mahindi kando ya moto, chungu cha githeri kikichemka, moshi ukiniwasha macho, naye akinisimulia zimwi linalomeza watu wazimawazima. Mahindi yaliniponyoka kwa woga. Ndugu yangu alikuwa hasikii, alishalala zamani. Lakini nyanya alikuwa na sheria yake: silali kabla zimwi halijakatwa kidole kidogo, na wote waliomezwa hawajatoka kupitia kidole hicho wakiwa hai, pamoja na mbuzi wao. "Usimwache mtu tumboni," alisema, hata akiwa anasinzia yeye mwenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa na roho ngumu. Ndugu yangu alikuwa na minne, na kila nilipoenda mtoni kuteka maji alinifuata akimlilia mama. Alinichosha jamani. Siku moja, tukipanda kilima na mtungi umenilemea, nikamsimulia: zimwi lilimmeza mama mmoja aliyekuwa akienda sokoni. Nikaishia hapo. "Na wewe ukilia, litakusikia." Akanyamaza papo hapo. Si nikaona nimepata dawa! Nikairudia kila siku, msimu mzima, na kile kidole sikukikata hata mara moja.

Mama alirudi amekonda, kichwa kimenyolewa. Alinyoosha mikono. Ndugu yangu akapiga mayowe, akakimbilia nyuma ya ghala. Mama alicheka kidogo. "Kamtoto kangu kamenisahau," alisema, kisha akaingia ndani, nikamsikia akilia. Kwa siku nyingi mtoto alikataa chakula alichopewa na mama. Mimi nilijua sababu: kwake, aliyemezwa na zimwi harudi. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa kiboko, baadaye nikanyamaza kwa aibu.

Basi juzi, pale Kinoru, niliisimulia hadithi yote. Kidole kikakatwa, watu wakatoka, watoto wakapiga makofi. Ndugu yangu, mzee mwenye mvi sasa, akaweka kikombe chini.

"Kumbe walitoka?"

"Wote."

"Hata yule mama wa soko?"

"Alitoka wa kwanza."

Akatazama mikono yake.

"Dada, si ungeniambia tu. Ningemkimbilia mama siku ile."

Wajukuu walikuwa wakidai hadithi nyingine. Jiko la nyanya lilibomolewa zamani, ghala nalo halipo. Mama tulimzika miaka mingi iliyopita, na mpaka anakufa aliamini kwamba mtoto wake alimsahau tu.