Ligaya awapangia wageni mbizi, sasa azama mwenyewe

Jua ndio kwanza linachomoza katika mji wa visiwani wa Coron, na Ligaya Abueg ana simu begani, mwiko mkononi. Wali wa kitunguu saumu unachachatika kikaangoni. Upande wa pili wa simu yuko Dodong, nahodha wa boti.

"Kaka Dodong, leo upepo ni wa kaskazini. Tuanze na kisiwa cha nyuma, wageni wapige mbizi kabla bahari haijachafuka."

"Bosi Mkavu umeamka!" Dodong anacheka. "Hujawahi kulowa, unatupangia bahari?"

"Lete boti, kaka. Maneno baadaye."

Utani huo wa gatini ni wa zamani, na sasa umepitwa na wakati. Kwa miaka mingi mama huyu wa watoto wawili, mwenye miaka 43, amewapangia watalii safari za kisiwa hadi kisiwa bila kutia kichwa majini. Msimu mzuri humpa kama peso elfu kumi na tano kwa mwezi. Mvua zikianza, huuza dagaa wakavu.

Woga wake ulianza siku tufani ilipobomoa nyumba yao.

"Maji yalinifika kidevuni, mwanangu nimemweka kichwani," anasimulia. "Tangu hapo, hata kuoga nilijimwagia kwa kata, macho nimefumba."

Machi mwaka huu alikuja Bi Perpetua Sumagaysay, mstaafu kutoka mji wa Iloilo, aliyetamani kupiga mbizi angalau mara moja maishani. Alipokwisha kufungiwa mtungi wa hewa, alishika ukingo wa boti asiuachie. Akamgeukia Ligaya.

"Uliniambia huko chini ni salama. Umejuaje?"

"Nilitaka kumdanganya, ulimi ukagoma," anasema Ligaya. "Nikamwambia, mama, mimi mwenyewe naogopa."

"Basi tuko waoga wawili," akajibu bibi yule. "Nipe mkono, mwanangu."

Dodong hakucheka. Alimpa Ligaya miwani ya maji na mtungi wa hewa, akamkaza mikanda taratibu. Mkufunzi wa mbizi aliyekuwa botini akawafundisha kupumua penye maji ya kiunoni, kisha akawashusha. Mara ya kwanza Ligaya aliibuka akikohoa na kulia. Bibi akamngoja. Wakashuka tena.

"Nilidhani kule chini kuna zile kelele za tufani," anasema, sauti ikishuka. "Kumbe kimya. Nilisikia pumzi yangu tu, na vidole vya bibi mkononi mwangu."

Sasa anapanga safari ambayo hakuna atakayelipia: Jumapili moja kabla ya mvua, awapeleke wake wa manahodha wa mtaani kwake wakapige mbizi. Dodong ametoa boti, na mkewe alikuwa wa kwanza kukubali.

"Na mimi je?" Dodong anauliza, akifunga kamba gatini.

"Wewe utashika taulo."

Ligaya anacheka, kisha anatazama maji.

"Wanawake hawa wamewapara samaki wa bahari hii tangu utotoni," anasema. "Nataka wawaone wakiwa hai, kwao."