Nilinunua kipima umbali cha gofu kabla sijajua mpira wangu unafika wapi

Wakuu, salaam.

Kosa langu nalitaja mapema: nilinunua kifaa cha kupimia umbali wakati sijui mwenyewe napiga mita ngapi. Yote haya yamenikuta, hata ya aibu sitaficha.

Naishi Ipagala, kazi ya ofisini, mgeni hapa Dodoma. Gofu nimejifundisha kwa video. Nina wasiwasi wa kuzaliwa. Email ya mistari miwili naisoma mara sita ndipo niitume. Sasa mtu wa hivyo mpe kifaa cha kupimia uone.

Nililinganisha wiki tatu. Saa ya GPS niliipenda, ila inategemea ramani ya uwanja, na kiwanja chetu cha Msalato hakimo kwenye ramani yoyote. Ni mashimo sita ya vumbi, na penye shimo hakuna nyasi, ni mchanga uliomwagiwa oili chafu usipeperuke. App za simu, yale yale.

Nikachukua laser. Unachungulia, unabonyeza, inakupa mita.

Jumamosi tunacheza wanne, kiongozi wetu Mama Lea, mkuu wa idara ya jirani pale ofisini.

Siku ya kwanza nikalenga bendera: 148. Nikarudia: 203. Tena: 151. Bendera yetu ni ufito wenye kipande cha kitenge, na nyuma yake ng'ombe wa watu walikuwa wanakatiza.

"Bwana mdogo, unapima shimo au ng'ombe?" akauliza Chibago, mwenzetu. "Kama unatafuta mahari, sema tukuitie mwenyewe!"

Wakacheka. Nikapima mara ya nne, nikapiga. Mpira haukufika hata mita mia.

Mama Lea akaniuliza, "Mwanangu, namba umepata. Fimbo uliyoshika huwa inakufikisha wapi?"

Nikaigeuza fimbo kusoma namba yake.

"Basi nakupa Jumamosi mbili. Ukiendelea kutuanika juani hivi, natafuta mtu mwingine wa nne."

Wakuu, niliumia. Nje ya saa za kazi, hao watatu ndio watu pekee nilio nao mji huu.

Nikawa naenda Msalato kila jioni na fimbo moja moja. Naegesha pikipiki ninapopigia, napiga mipira ishirini, natembea hadi ilipoangukia mingi, kisha naipima pikipiki kwa laser. Fimbo namba saba nilikuwa najidanganya mita 150. Ukweli ni 118. Nikabandika kila fimbo mita zake.

Jumamosi ya pili, shimo la nne, nikapima mara moja: 121. Nikachukua namba saba, nikapiga, mpira ukatua mchangani, penye shimo.

"Umeshapiga?" Chibago akashangaa. "Mimi bado natafuta glovu!"

Mama Lea hakunisifia. Alisema tu, "Wiki ijayo saa moja kamili, wote wanne."

Nilijifungia chooni nyumbani nikashangilia peke yangu.

Kwa anayeanza: angalia kwanza kama uwanja wako umo kwenye ramani ya hiyo saa. Ukichukua laser, tafuta inayotetemeka ikishika bendera. Ila kabla ya vyote, jua fimbo zako.

Wenye saa za GPS karibuni mnipinge, nasoma kila comment.

Kwa sasa napima mara moja, napiga, na nina nafasi yangu kila Jumamosi.