Tangu Tulipomwita Refa

Shemeji yangu hawezi kuingia nyumba ya mtu akakaa. Kwanza lazima aulize mlango wa pili uko wapi. Tulialikwa harusi ya binti wa jirani, ukumbi umejaa, watu wameshaanza kula, yeye akazunguka nyuma akakuta mlango una kufuli. Akamfuata mwenye ukumbi, akamwambia hakai yeye wala mkewe mpaka kufuli litoke. Mkewe ni dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka minne, na siku ile alitamani ardhi ipasuke immeze. Kufuli likatoka, shemeji akakaa, akala vizuri tu, na mimi nikapata la kuwachekesha watu kituoni kwa mwezi mzima.

Maana tunafanya kazi pamoja, ndiyo balaa lenyewe. Yeye ni mkufunzi wa zimamoto, amefundisha makuruta miaka kumi na sita. Mimi ni dereva wa gari la maji. Tukishafika kwenye moto nasimama kwenye pampu, naangalia geji, nawapa watu maji. Yeye ni mpole, maneno yake machache. Mimi mdomo wangu hauna kifuniko. Dada husema Mungu alimpa mume wa kumsikiliza na mdogo wa kumnyamazisha, na kwamba kazi ya pili imemshinda.

Katika mafunzo yake shemeji ana sheria moja anayoipenda kuliko zote. Kila mtu wetu anavaa filimbi shingoni. Yeyote akiona hatari, awe mkuu wa kituo, awe kuruta aliyeingia jana, anapiga filimbi mara tatu, na wote walio ndani wanatoka. Hakuna kuuliza nani kapiga wala kwa nini. Maswali yanasubiri nje. Na aliyepiga, hata kama amekosea, haguswi. Wakubwa wengine hawakuipenda kabisa sheria hiyo. Walisema jeshi haliwezi kuongozwa na filimbi ya kuruta. Shemeji aliwajibu kwamba moto hausomi vyeo, akaendelea kufundisha.

Kundi la mwaka jana lilikuwa na watu kumi na wanane. Miongoni mwao alikuwemo binti mmoja mwembamba, zamani fundi cherehani, si msemaji. Wiki ya tatu wakaingizwa nyumba ya moshi. Ni chumba cha matofali chenye paa la bati, tunachoma majani mabichi kwenye pipa mpaka mtu haoni mkono wake mwenyewe. Makuruta wanatambaa na mitungi ya hewa mgongoni, wanatafuta mdoli wa gunia. Siku hiyo hawakufika mbali, filimbi ikalia mara tatu. Wakatoka wote, wengine wamegongana mlangoni. Binti akasema amesikia paa linapasuka.

Shemeji akapanda ngazi, akagonga bati huku na huku, akashuka. Lilikuwa joto tu. Bati likipata moto linalia, kila aliyelala chini ya bati anajua. Akasimama mbele ya mstari akamwambia yule binti, "Asante. Ukisikia tena, piga tena."

Yangeishia hapo tungekuwa salama. Lakini mimi nilikuwa palepale kwenye pampu, na mdomo ukaniwasha. Nikamuuliza kwa sauti ya juu, je refa, hiyo ilikuwa faulo au penalti? Lo, watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini na mitungi yao. Tangu saa hiyo binti akawa Refa. Mpishi wa kantini alimwita Refa, mkuu wa kituo alimwita Refa. Akipita na sahani yake mtu anajishika goti, analalamika kachezewa rafu. Naye alikuwa anacheka pamoja nasi, ndiyo maana sikuona ubaya wowote. Shemeji hakucheka. Aliniita pembeni akaniomba niache, nami nikamjibu, ah shemeji, utani ndio unaotuweka hai kwenye kazi hii. Hakubishana nami. Kama kuna mahali yeye naye alikosea, ni hapo tu.

Baada ya hapo likaja jambo lililomvuruga akili. Filimbi zikanyamaza. Wiki ya nne hakuna, wiki ya tano hakuna. Mwanzoni alidhani wamekuwa wazoefu. Akaanza kuwatega. Akauweka mtungi mtupu wa gesi mlangoni mwa nyumba ya moshi, mahali ambapo ungekuwa na gesi ungeua mtu. Wakauruka, mmoja baada ya mwingine, wakaingia. Akalegeza boliti ya ngazi, wakaishikilia ngazi kwa mikono, wakapanda. Akiwauliza nje, mmoja anasema alidhani mwenzake atapiga, mwingine anasema hakuwa na hakika, wa tatu anatazama viatu vyake. Refa mwenyewe alisema hakuona kitu, na shemeji alimwona kwa macho yake akiuvuka ule mtungi.

Akarudia somo zima tangu mwanzo. Akawapa mtihani wa kuandika, na kwenye swali la filimbi hakukosa hata mmoja. Basi akawa anakuja kwangu jioni na zile karatasi, anazitandaza juu ya meza, chai inapoa.

"Wanajua," ananiambia. "Sasa mbona hawapigi?"

Nilimwambia labda wamekomaa. Nilimwambia labda anawachosha kwa mitego. Naapa sikuunganisha mambo. Mtu anaweza kukaa juu ya kitu akakitafuta nyumba nzima, na mimi ndivyo nilivyokuwa. Wakahitimu. Refa akaomba apelekwe ofisi ya kupokea simu za dharura, akapelekwa, na hilo pia shemeji hakulielewa, kwa sababu kwenye moshi hakuna aliyekuwa akimfikia yule binti.

Miezi miwili baadaye, saa nne asubuhi, likawaka ghala la magodoro. Mkuu wa kituo alikuwa likizo, kwa hiyo shemeji ndiye aliyeongoza. Alisimama mlango wa mbele na kibao cha majina, ambako kila anayeingia anaacha kadi yake. Kadi zilikuwa nne. Aliyewaongoza wale wanne alikuwa kijana wetu mrefu tuliyemwita Ngazi, mwanafunzi wa shemeji wa miaka ya nyuma, mtu wa kuaminika kuliko wote. Bomba la maji la mtaa lilikuwa nyuma ya ghala, nami nikaegesha gari huko. Ndiyo kusema upande ule wa paa niliuona peke yangu.

Niliona paa limebonyea. Si sana. Mstari wa juu, uliokuwa umenyooka tulipofika, ulikuwa umeshuka katikati kiasi cha shubiri mbili. Nikaiweka filimbi mdomoni. Nakumbuka mpaka ladha ya chuma. Halafu nikawaza, joto linanichezea macho. Nikawaza, nikipiga Ngazi atatoka na watu wake, moto utamaliza ghala, na paa likionekana zima, kesho kituo kizima kitaniita nani? Jina nililijua, nililibuni mwenyewe. Nikaitoa filimbi mdomoni ili nitazame tena vizuri. Nikatazama, nikafikicha macho, nikatazama. Paa likaenda.

Watatu walitoka wanatambaa. Ngazi alibanwa na chuma cha paa, tukamtoa yu hai, na hospitali walimkata mguu wa kulia juu ya goti.

Ikaundwa kamati ya uchunguzi, watu watatu wenye mafaili. Nami wakaniuliza kama niliona dalili yoyote. Nikasema moshi ulikuwa mwingi. Si uongo, moshi ulikuwa mwingi kweli. Kamati ikaandika kwamba paa lilianguka ghafla bila dalili, kila mtu akashusha pumzi. Isipokuwa shemeji. Yeye alisema paa haliondoki bila kuaga. Alirudi kwenye majivu na futi ya kupimia, akashikashika vyuma vilivyopinda, akahesabu, akasema paa lile lilichukua dakika nzima au zaidi kushuka kabla ya kukatika. Kwa hiyo ama kulikuwa na mtu aliyeona, ama yeye amefundisha watu kazi ya kutazama bila kuona. Na kwa kuwa hakuna aliyesema ameona, akabaki na hilo la pili.

Dada alinijia akiwa hana raha. Akaniambia shemeji yako anavaa viatu vya jozi mbili. Anawauliza watoto mezani, mkiona hatari mtafanyaje, wanamjibu sawasawa, anazidi kuchanganyikiwa. Na ameandika barua. Anaacha kufundisha, anaomba apelekwe stoo akatunze mipira ya maji, na barua ataipeleka Jumatatu. Tulimjua wa kuchukua nafasi yake, afisa mmoja aliyekuwa anasubiri siku hiyo aifute sheria ya filimbi. Dada akaniomba nizungumze na mume wake, kwa sababu mimi namchekesha.

Jamani, sikujua nishike lipi niache lipi. Asubuhi nikiamka nina hakika niliona. Mchana nasema hapana, ni akili yangu imelichora lile paa baadaye. Nikisema, kazi imekwenda, na nitamtazamaje mke wa Ngazi? Nisiposema, shemeji anakwenda kuhesabu mipira kwa kosa langu. Tena kulikuwa na jambo lililonitesa kuliko yote hayo. Sikuwa nimejua kwamba naogopa kuchekwa. Miaka kumi na tisa kituoni nimechekesha watu, nimejicheka mwenyewe, nimeitwa majina ya kila aina. Nilijichunguza nikaona simfahamu mtu huyu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, nami nilikuwa nimelisema hilo kwa watu wengine mara nyingi sana.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nikaenda. Shemeji alikuwa mezani na zile karatasi za mtihani, barua pembeni, haijatiwa kwenye bahasha. Hakunisalimu. Aliniomba mimi niliyewaona makuruta wake miaka yote nimwambie ukweli, amewafundisha nini.

"Shemeji, niliona paa linabonyea," nikamwambia. "Filimbi ilikuwa mdomoni."

Akauliza nilikuwa nimesimama wapi. Akauliza lilishuka kiasi gani, nikamwonyesha kwa vidole. Akauliza muda gani, nikasema dakika, labda na zaidi. Alikuwa anauliza kwa sauti ileile ya darasani, na mimi nikaona afadhali angenipiga. Dada alikuwa mlangoni, ameshika sahani.

"Kwa nini hukupiga?"

"Niliogopa mtanicheka."

Akanitazama. Nilimwona akijaribu kulielewa, halimwingii. "Wewe?" akasema. "Wewe ndiye wa kuogopa kuchekwa?" Nikamwambia hata mimi sielewi. Akazirudia karatasi zake, akazipekua moja moja, akafika ya yule binti. Pale juu kushoto, kwenye nafasi ya jina, binti alikuwa ameandika Refa. Shemeji alikuwa ameisahihisha karatasi ile, akaipa alama zote, akaipita. Akaiweka mbele yangu, nami nikaisoma, na aibu ikanishika mpaka masikio yakawaka moto.

Barua hakuichana. Aliikunja akaiweka mfukoni, akaniambia kesho saa mbili wanaanza makuruta wapya. Nitaingia darasani kabla yake, niwaambie. Kisha tutakwenda wote wawili kwa mkuu wa kituo, kisha kwa Ngazi, kisha kwa yule binti, kwa mpangilio huo. Nikauliza baada ya hapo itakuwaje kuhusu kazi yangu. Akasema hajui. Nikauliza na barua yake je. Akasema hilo pia hajui. Dada akatuletea maji ya kunywa, tukayanywa.

Kesho yake nikaingia. Walikuwa ishirini na mmoja, sare bado zina mikunjo ya dukani. Wengine walishanifahamu, maana asubuhi ileile nilipita kantini na mdomo wangu ukafanya kazi yake ya kawaida kabla sijauzuia. Shemeji akasimama nyuma, ukutani. Nikawaambia mimi ni dereva wa gari la maji, na kwamba mimi ni mwoga, ninaogopa kuchekwa.

Wakacheka. Walicheka vizuri kabisa, kwa moyo mweupe, kama watu waliokuwa wanaisubiri. Nilimtazama shemeji ili awanyamazishe, hakuwanyamazisha, alikuwa ananitazama mimi tu. Nikangoja kicheko kiishe chenyewe. Kisha nikawaambia kwa sababu ya woga huo mwenzetu amekatwa mguu juu ya goti, nikasema hapana, msiinamishe vichwa, nitazameni, nikaanza kuwasimulia tangu pale tulipomwita Refa.