Masikio ya Fundi wa Boila

Yule fundi wa boila alikuwa na vidole vifupi vinene kama tangawizi, na sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kila asubuhi aliingia kwenye tumbo la kile kichwa kidogo cha treni ya mvuke, kilichookotwa porini na nyasi zimeota hadi kwenye bomba la moshi, akafumba macho, akagonga boliti moja moja kwa kinyundo. Boliti nzima ililia; iliyokatika kwa ndani iliguna, naye akaitia alama ya chaki. Msimamizi wa karakana, mwenye vyeti vitatu ukutani, alisikia zote zikilia sawasawa, na wivu ukamla kama kutu. Fundi akienda kunawa tu, yeye huyo, anajipenyeza ndani na kinyundo chake kuirudia kazi, akimwomba Mungu ampe kosa moja, hata dogo. Wiki ya tatu akapewa. Boliti moja ya pembeni iliguna, na chaki haikuwepo!

"Njooni wote!" alipaza sauti. "Bingwa wenu imempita hii!"

Fundi alikuja akijifuta mikono, wala hakuinama kuitazama.

"Haikunipita, mkubwa," alisema kwa sauti ileile ya chini. "Tangu siku ya kwanza nasikia kinyundo chako kikinifuata nyuma. Hiyo nilikuachia makusudi, nijue lini utaanza kusikia."

Akatoa chaki mfukoni, akampa.