Alasiri Niliyomfuata Khala Zuwena

Juzi, kwenye barabara ya bandarini, alinipita msichana juu ya baiskeli ya mashindano, magoti yamejaa vumbi, nikamkumbuka khala Zuwena, mdogo wake mama.

Nilipokuwa mtoto, kila alasiri alikuwa akitoka nyumbani kwetu, mtaa wa Darsait, bila ya kusema aendako, akirudi na mikwaruzo miguuni, ananuka jasho na grisi. Bibi alikuwa na shaka naye.

"Huyu ana mtu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mfuate."

Nilimfuata mpaka nyuma ya magereji, kwenye wadi kavu, bonde la mto usio na maji, nikajificha. Mwanamme mmoja alikuwa akipiga kelele, "Shuka! Beba! Panda!" na khala, baiskeli begani, akipanda mawe mbio huku akitweta. Nikarudi nyumbani roho juu.

"Bibi, khala kaiba baiskeli! Mwenyewe anamfukuza!"

Bibi alivaa abaya yake harakaharaka, tukaenda.

"Ni kocha wangu, mama," khala alisema. "Nnajitayarisha kwa mashindano ya baiskeli, yale ya kupanda na kubeba. Usinikataze."

Bibi alimtazama yule mwanamme kwa muda mrefu, kisha akakaa juu ya jiwe.

"Haya, endelea nikuone."

Toka siku hiyo Bibi hakukosa kuja kutazama hata alasiri moja. Mimi nilidhani kaipenda baiskeli. Lakini siku khala alipoondoka kwenda Ulaya, keshakuwa mchezaji wa kulipwa, Bibi alimkumbatia huku akilia, kisha akamgeukia kocha, aliyekuwa akisafiri naye.

"Na wewe," alimwuliza, "utalala wapi?"