Mistari Sita ya Mtama

Naikumbuka vizuri asubuhi moja ya mvua za kwanza, hapa hapa Newala, mchanga bado unanukia maji. Mjomba Issa, kaka wa mama yangu, alinikabidhi kamba ya katani yenye mafundo na kibuyu cha mbegu ya mtama. Nilikuwa mwanamke mbichi, mtoto wa kwanza mgongoni, kichwa kimejaa upepo. Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu jana nimekuona ukirudi shambani umenuna. Wamekucheka, sivyo? Keti hapo. Na hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Kwetu mtama tuliupanda kama tulivyokuta wazee wanapanda: shimo moja, mbegu nne au tano. Moja ya ndege, moja ya panya, moja ya mgeni, zinazobaki zetu. Mashimo yenyewe yamebanana hata pa kukanyaga hakuna. Shamba likisongamana, watu wanasema mama huyu ana mkono. Sasa mjomba alikuwa ameshuka Lukuledi kumsalimu rafiki yake, akamkuta bwana shamba anawafundisha watu kupanda kwa nafasi. Unachagua masuke mazuri kuliko yote, unayaning'iniza juu ya jiko yapate moshi. Ukishayapura, mbegu unaitia kwenye maji ya chumvi. Inayoelea ni ya kuku. Kisha fundo la kamba hadi fundo, shimo moja, konzi ya samadi, mche mmoja. Na palizi mara tatu, si mara moja ukaenda kulala.

"Somoe," aliniambia, "mche ukipata nafasi unazaa ndugu zake."

Niliguna tu. Akili nyingi huondoa maarifa, nikasema moyoni, nikidhani methali ile inamhusu yeye.

Mwaka ule tulikuwa pabaya. Mihogo ilikuwa imeoza ardhini kwa ugonjwa, ukichimba unatoa kitu cheusi hata mbuzi hali. Mtama ule ndio ulikuwa chakula chetu chote mpaka mwaka wa pili: mimi, mwanangu Shaibu, na mjomba aliyenilea. Tulipanda naye mstari kwa mstari, yeye akikohoa. Miche ilipochipua kifua kikamzidi, ikabidi apelekwe Mkomaindo, kule hospitali ya Masasi. Siku ya kuondoka alinishika mkono. "Mbegu iliyobaki kibuyuni ni ya akiba. Mvua ikikatika, tutarudishia mashimo yaliyokufa kwa hiyo. Usiiguse."

Nikasema, "Sawa, mjomba." Kusema sawa ni rahisi.

Haikupita wiki. Tulikuwa tunapandisha mlima na ndoo za maji, wanawake saba au wanane, njia yenyewe inapita kando ya shamba letu. Mama Zuhura, jirani yetu, akasimama akatazama ile miche yetu, mmoja hapa, mwingine kule, mchanga mtupu katikati. "Mama Shaibu! Shamba lenu limenyonyoka? Au mbegu mmeila?"

Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Na mimi nikacheka nao, mjinga mimi. Unajua kwetu hakuna aibu kama kuambiwa umekula mbegu. Maana yake umekwisha, huna kesho. Nilifika nyumbani nikalia, wallahi, kwa neno moja la njiani.

Asubuhi yake nikachukua kibuyu. Nikaanza kuijaza ile mianya, tano kwa shimo, haraka haraka, nikitazama njiani nani anapita. Mbegu ikaniishia ikiwa imebaki mistari sita kule chini karibu na korongo. Nikaiacha. Baada ya siku chache shamba likawa kijani tupu, na Mama Zuhura huyo huyo akapita akasema, "Sasa hilo ndilo shamba!" Nikajiona mtu.

Kisha mvua ikakatika. Si kukatika kwa wiki moja kama ilivyo kawaida yake, ilipotea kabisa. Mtama uliobanana ukaanza kunyang'anyana unyevu kama watoto wengi kwenye sahani moja. Majani yakajikunja, mabua yakawa membamba mithili ya njiti za kusukia ungo. Nikakimbilia kibuyu nirudishie. Kitupu. Mvua iliporudi kidogo, yale mabua yakatoa masuke yasiyo na punje. Shamba la Mama Zuhura nalo vivyo hivyo, na mashamba ya karibu wote walionicheka.

Mjomba alirudi kwa mkongojo, amebaki mifupa. Nikampigia magoti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Twende shambani."

Alitembea polepole kupita kwenye yale makapi mpaka kule chini kwenye mistari sita. Pale, mwanangu, kila mche ulikuwa umetoa mabua manne, mengine matano, masuke yameinama kwa uzito. Mistari sita tu. Akalishika suke moja, akatazama kule juu shambani, kisha akanitazama mimi. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Somoe, umeyalisha macho ya watu," alisema. "Sasa mtoto atakula nini?"

Angenipiga ingekuwa nafuu.

Masuke yale aliyaning'iniza mwenyewe juu ya jiko. Akasema ile si chakula, ni mbegu. Tukaishi kwa kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, tukigombea mashimo na nguruwe. Mama Zuhura alituletea mara mbili bakuli la kunde, na nyumbani kwake hakukuwa na kitu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mdomo tu. Shaibu alinyonya maziwa yasiyokuwepo. Na mjomba kila siku alisema ameshiba.

Mwishoni akawa hawezi kumeza ming'oko. Alihitaji uji. Nikapanda kigoda nikalishusha suke moja, nikaliweka kwenye kinu. Akasikia kutoka kitandani. "Lirudishe," alisema. "Ukilitwanga hilo, utanizika mara mbili."

Nikalirudisha. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Siku ya tatu alifariki, masuke yananing'inia juu ya jiko, na mimi ndiye niliyemnyima uji kwa kukosa kustahimili kicheko. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wajukuu ninao kumi na mmoja, na majuto yangu bado hayajapata mwenzake.

Mvua ziliporudi nilipanda kwa kamba ile ile, peke yangu, mchana kweupe. Walicheka tena. Nikawaacha wacheke, nikapalilia mara tatu.

Basi sikiliza, mwanangu. Ile mianya unayoionea haya ndiyo chakula cha mche wako; usiijaze. Ukiona miche miwili shimoni, ng'oa dhaifu hata kama roho inauma, maana mchelea mwana kulia hulia yeye. Mbegu ya akiba usiiguse kwa hasira wala kwa aibu. Na anayekucheka usimchukie, ila usimpe jembe lako alishike. Siku ya njaa hatakuwa na cha kukupa zaidi ya bakuli la kunde.

Kibuyu kile pale, chukua. Mbegu iliyomo ni uzao wa mistari sita. Mola aijaalie iote mikononi mwako, akupe moyo wa kustahimili macho ya njiani, na wazee wako wasife wakisema wameshiba na hawajala. Amina. Haya, nenda shambani, jua linapanda.